Betri Tatu na Glasi ya Maji: Mhadhara kuhusu Fedha ya Koloidi

Nimeombwa nizungumzie jambo linalofanyika juu ya meza ya jikoni. Mtu huchukua betri tatu za volti 9, akaziunganisha mfululizo apate volti 27. Huunga waya mbili zenye vibanio, kila kibanio kikashika kijiti cha fedha safi, na vijiti hivyo viwili huvichovya katika glasi ya maji yaliyokenekwa, maji yale ambayo fundi wa magari huongeza kwenye betri. Baada ya muda maji hubaki maangavu au hupata umanjano hafifu. Mwenye glasi huyaita fedha ya koloidi, kisha huyanywa. Wapo wanaokunywa kijiko kimoja kila asubuhi, wapo wanaopulizia puani, na wapo wanaowapa watoto wao wenye mafua.

Nikisema fedha jioni hii ninakusudia yale madini meupe ya bangili na mikufu. Pesa nitaiita pesa.

Sikuja hapa kuwacheka wanaofanya hivyo. Kifaa chao kinafanya kazi, na kemia yake ni ile ile tunayoifundisha darasani. Hata dai lao kwamba fedha iliyoyeyuka majini huua bakteria ni la kweli, nalo limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Kosa limejificha katika hatua moja, ile ya kuyatoa maji glasini na kuyapeleka tumboni. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila kinachoipa fedha ukali ndani ya maji safi huondolewa na mwili, na kwamba sehemu inayopenya hufanya kazi nyingine kabisa, ambayo hakuna aliyeiomba. Kwa sababu hiyo fedha ina nafasi yake katika afya ya binadamu, lakini nafasi hiyo ni kwenye chombo cha maji na juu ya kidonda.

1. Kinachotokea ndani ya glasi

Kijiti kilichoungwa na upande chanya wa betri ndicho anodi, na kile cha upande hasi ni kathodi. Betri huvuta elektroni kutoka anodi. Atomi ya fedha iliyopokonywa elektroni moja haiwezi tena kushikamana na wenzake kwenye kijiti, hivyo huachana nao na kuingia majini ikiwa ioni yenye chaji chanya. Upande wa kathodi maji yenyewe ndiyo hupokea elektroni. Hidrojeni hutoka kwa viputo vidogo sana, na ioni za haidroksidi hubaki nyuma.

Ioni za fedha huelea zikivutwa kuelekea kathodi, na si zote zinazoishia mahali pamoja. Zipo zinazofika kathodi, zikapokea elektroni na kugeuka fedha tena. Ndiyo maana kijiti kile huota manyoya meusi ambayo watengenezaji hulazimika kuyafuta kila mara. Zipo zinazokutana na haidroksidi njiani zikawa oksidi ya fedha, ule unga wa kahawia iliyokolea unaotulia chini ya glasi. Zipo pia zinazokusanyika na kuwa chembe ndogo za metali. Zilizobaki huendelea kuelea kama ioni.

Sasa, koloidi ni nini? Mkemia wa Scotland Thomas Graham alilipa jambo hili jina mwaka 1861. Ni hali ya chembe ndogo mno za kitu kimoja kutawanyika ndani ya kitu kingine bila kuyeyuka na bila kuzama, chembe zenye ukubwa wa kati ya nanomita 1 na nanomita 1,000 hivi. Koloidi ya kweli ya fedha ina chembe za metali, na kila chembe imebeba maelfu au hata mamia ya maelfu ya atomi. Chembe zenye kipenyo cha nanomita 10 au 20 hufyonza mwanga wa zambarau karibu na nanomita 400, na kwa hiyo maji huonekana ya manjano. Ioni hazina rangi yoyote.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha, inayotokana na kazi ya mwanafizikia John Tyndall katika karne ya 19. Zima taa, kisha pitisha mwanga mwembamba wa leza ndani ya glasi. Chembe za koloidi huutawanya mwanga, nawe utauona mstari ukikatiza maji. Ioni ni ndogo mno kufanya hivyo. Maji mengi ya betri tatu hutoa mstari hafifu sana, kwa maana sehemu kubwa ya fedha iliyomo ni ioni. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu wauzaji husema koloidi ni salama na kwamba madhara yanayosimuliwa yalitokana na chumvi za fedha za zamani. Glasi ya nyumbani imejaa ioni zile zile zinazopatikana katika chumvi hizo za zamani.

Wapo pia wanaotia chembe ya chumvi ya mezani ili kuharakisha kazi, kwa kuwa maji yaliyokenekwa hupitisha umeme kwa shida. Mara moja maji hujaa wingu jeupe. Mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyewahi kupima kloridi maabara analifahamu wingu hilo. Ni kloridi ya fedha, ambayo karibu haiyeyuki majini kabisa, na ikiachwa kwenye mwanga hubadilika kuwa ya kijivu. Naomba tuliweke akilini wingu hilo, maana tutalikuta tena tumboni.

2. Hesabu ya Faraday

Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akaanza maisha ya kazi London kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1834 alichapisha kanuni za elektrolisisi ambazo hadi leo hazijatikisika. Kiasi cha metali kinachoachia anodi hutegemea jumla ya chaji iliyopita. Kwa fedha, gramu 107.87 huhitaji kulombi 96,485.

Tufanye hesabu pamoja. Mkondo wa miliampea 1 ukipita kwa saa 1 ni kulombi 3.6. Kulombi hizo hung'oa miligramu 4 za fedha. Zikiingia katika glasi ya robo lita, tunapata miligramu 16 kwa lita. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba sehemu hurudi kathodi na sehemu huzama ikiwa oksidi.

Hesabu hii ni nyepesi ukiujua mkondo. Tatizo ni kwamba mkondo hautulii. Mwanzoni maji ni safi na umeme hupita kwa kidogo sana. Kadiri ioni zinavyoongezeka ndivyo njia inavyofunguka, mkondo ukapanda, na ioni zikazidi kumiminika. Umbali kati ya vijiti, kina vilichochovywa, joto la maji na uchakavu wa betri vyote hubadilisha matokeo. Dakika 20 za leo si dakika 20 za kesho. Mtu anayepima kazi yake kwa saa ya ukutani hajui kama amepata miligramu 5 kwa lita au 20. Wengine hununua kile kipimo kidogo cha kuchovya majini, wakaamini namba inayotokea. Kipimo hicho husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakiwezi kutenganisha ioni ya fedha na haidroksidi, na chembe za metali hakizioni.

Je, tofauti hiyo ina madhara? Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limeweka kiwango ambacho mtu anaweza kukimeza kila siku maisha yake yote bila kutarajiwa kubadilika ngozi, nacho ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anafikia mpaka wake kwa miligramu 0.3. Kiasi hicho ni kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, cha maji yenye miligramu 20 kwa lita. Mtoto wa kilo 10 anaufikia mpaka wake kwa kijiko kimoja cha chai cha maji yenye miligramu 10 kwa lita. Shirika la Afya Duniani nalo, linapozungumzia maji ya kunywa yanayohifadhiwa kwa fedha, husema kiasi cha miligramu 0.1 kwa lita kinaweza kuvumiliwa. Maji ya betri tatu kwa kawaida yako mara mia juu ya hapo.

3. Fedha ilipokuwa dawa

Anayetetea fedha husema: mbona madaktari wa zamani waliitumia? Waliitumia kweli, na tukiangalia vizuri walivyoitumia tutaona jambo.

Mwaka 1880 huko Leipzig, Ujerumani, daktari wa uzazi Carl Credé alikuwa akihangaika na watoto waliokuwa wakizaliwa na kupofuka baada ya kuambukizwa kisonono na mama zao wakati wa kujifungua. Alianza kuwadondoshea machoni tone la nitrati ya fedha ya asilimia 2. Katika hospitali yake ugonjwa huo ulishuka kutoka takribani mtoto mmoja kati ya kumi hadi chini ya mmoja kati ya mia. Tone hilo liliokoa macho ya watoto katika nchi nyingi kwa vizazi kadhaa. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na marhamu za antibiotiki, kama ile ya tetrasaiklini inayopakwa watoto wachanga katika wodi za uzazi za Afrika Mashariki, kwa sababu nitrati ya fedha iliwasha macho na marhamu hizo zilifanya kazi bila kuwasha.

Mwaka 1893 yalichapishwa maandishi ya mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Karl Wilhelm von Nägeli, aliyekuwa amekwisha kufariki. Alikuwa ameona mwani ukifa ndani ya maji yaliyokuwa na kiasi kidogo mno cha metali kama shaba na fedha. Hapo ndipo elimu ya metali kuua vijidudu ilipopata msingi.

Kisha pesa ikaingia. Mwaka 1902 daktari wa Philadelphia Albert Barnes na mkemia Mjerumani Hermann Hille walianza kuuza Argyrol, mchanganyiko wa fedha na protini ambao haukuwasha kama nitrati. Ulitumika machoni, puani na kwenye njia ya mkojo. Barnes alitajirika, akanunua michoro ya Renoir, Cézanne na Matisse kwa mamia, na mwaka 1929, miezi michache kabla ya soko la hisa la Marekani kuanguka, akaiuza kampuni yake. Michoro hiyo bado inaonyeshwa Philadelphia hadi leo.

Tone la jicho, maji ya kuoshea pua, dawa ya kidonda: karibu matumizi yote yaliyofanikiwa yalikuwa juu ya uso wa mwili, pale ambapo fedha hugusana moja kwa moja na kijidudu. Walijaribu pia kuinywesha na kuidunga, na huko matokeo hayakuwafurahisha. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani Hill na Pillsbury walitoa kitabu kizima juu ya wagonjwa waliobadilika rangi kwa sababu ya dawa za fedha. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, madaktari waliiacha fedha ya kunywa bila majuto.

Lakini fedha haikutoweka. Mwaka 1968 Charles Fox alileta krimu ya sulfadiazini ya fedha kwa watu walioungua moto, na hospitali nyingi, za kwetu zikiwemo, bado zinayo kabatini. Hiyo nayo hupakwa.

4. Safari ya kwenda mwilini

Ioni ya fedha huua bakteria kwa sababu ina uroho wa salfa. Hunasa kwenye sehemu zenye salfa za protini za bakteria, ikavuruga vimeng'enya vyake na ngozi yake nyembamba, hadi kijidudu kikashindwa kupumua. Ndani ya glasi ya maji yaliyokenekwa hakuna salfa nyingine wala chumvi. Bakteria ndiye peke yake wa kunaswa. Kwa hiyo jaribio la glasini hushinda kila mara, na picha zake huvutia.

Sasa imeze. Tumboni kuna asidi ya haidrokloriki, na kloridi imejaa tele. Ioni za fedha hukutana nayo, na wingu jeupe lile la darasani hutokea bila mtu kuliona. Kinachopita hapo kinaingia kwenye chakula na ute uliojaa protini. Fedha inayopenya hadi kwenye damu haizidi asilimia 10 hivi ya iliyomezwa, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na kinyesi.

Damuni nako kloridi ni nyingi, na protini zenye salfa zimezagaa kila upande. Kanuni ya umumunyifu wa kloridi ya fedha inatuonyesha kwamba penye kloridi nyingi kama ya damu, ioni ya fedha iliyo huru haifiki hata mikrogramu 1 kwa lita. Hicho ni kiasi kidogo kuliko kinachohitajika kuua bakteria. Mtu anaweza kunywa lita nzima, na bakteria aliye kwenye mapafu yake asione chochote.

Mwenye kunywa ataniuliza: kama haifanyi kitu, ina ubaya gani? Ubaya unaanza pale inapoachwa. Ini huitoa sehemu ya fedha kupitia nyongo, lakini kinachobaki hubebwa kikiwa kimeshikamana na protini hadi kwenye ngozi, na huko hukutana na mwanga wa jua. Kemia ya filamu za picha za zamani ilitegemea jambo hilo hilo: mwanga unapogusa chumvi ya fedha huirudisha kuwa metali, nayo ikawa nyeusi. Ngozini, metali hiyo huungana na salfa na seleni, ikawa chembe zisizoyeyuka zilizotulia chini ya ngozi ya juu. Uso, shingo na mikono hugeuka rangi ya kijivu cha samawati. Madaktari huita hali hii ajiria. Hakuna dawa ya kuiosha. Leza za aina maalumu zimewapunguzia rangi baadhi ya watu, kwa gharama na maumivu.

Katika hadhira yenye ngozi nyeusi kama hii, mtu anaweza kufikiri kwamba hayo ni ya Wazungu. Fedha haichagui. Kwenye ngozi nyeusi rangi huchelewa kugunduliwa, lakini hujionyesha kwenye fizi, kwenye weupe wa jicho na kwenye kile kimwezi kilicho chini ya kucha. Kuchelewa kuiona ni hatari zaidi, kwa kuwa mtu huendelea kunywa.

Kuna jambo jingine ambalo wafamasia wataniunga mkono. Fedha ikimezwa pamoja na dawa huzuia baadhi ya dawa kufyonzwa vizuri, zikiwemo aina fulani za antibiotiki na thairoksini ya wagonjwa wa tezi. Mgonjwa anaweza kumeza dawa zake zote kwa uaminifu, na kijiko cha asubuhi kikazipunguzia nguvu.

5. Mtu wa Montana

Mfano unaojulikana zaidi wa kifaa hiki cha nyumbani ni wa mwanasiasa wa Marekani Stan Jones. Mwaka 1999 watu wengi duniani waliogopa kwamba kompyuta zitashindwa kuusoma mwaka 2000 na huduma zote zitasimama. Jones, aliyeishi jimbo la Montana, alihofia kwamba antibiotiki zitakosekana. Alitumia waya za fedha, umeme na glasi ya maji, akajitengenezea na kunywa. Mwaka 2000 ulifika na kompyuta zikaendelea kufanya kazi, lakini ngozi yake ilibaki ya kijivu cha samawati. Mwaka 2002 alipogombea kiti cha Seneti kwa tiketi ya chama cha Libertarian, magazeti ya dunia yaliandika zaidi juu ya uso wake kuliko juu ya sera zake.

Simtaji ili tumcheke. Hofu yake ilikuwa ya mtu mwenye busara: dawa zikiisha dukani, nitajitibu vipi? Hofu hiyo tunaijua vizuri zaidi sisi tuliowahi kufika zahanati tukaambiwa dawa hakuna, nenda ukanunue nje. Tena Jones hakuiacha imani yake. Alisema kosa lake lilikuwa kuzidisha kipimo, na kwamba fedha bado ni dawa nzuri. Ndipo ninapotofautiana naye. Hakukuwa na kipimo kilichozidishwa, kwa sababu kwenye meza ile hakukuwa na kipimo chochote. Kulikuwa na saa, kijiko na matumaini.

Wapo waliopata hali hiyo bila kujitengenezea chochote. Katika miaka ya 1950 Rosemary Jacobs, akiwa bado msichana, aliandikiwa na daktari matone ya pua yenye fedha, na ngozi yake ikabadilika moja kwa moja. Alitumia miaka mingi ya utu uzima wake kuwaonya watu hadharani. Tofauti ni kwamba udaktari ulijifunza kutokana na wagonjwa wa aina yake ukaacha, ilhali meza za jikoni zinarudia jaribio ambalo jibu lake lilishaandikwa.

Mwaka 1999, mwaka ule ule Jones alioanza, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba dawa za madukani zenye fedha ya koloidi hazikubaliki kuwa salama wala zenye kutibu. Biashara haikufa. Kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1994, bidhaa inaweza kuuzwa kama kirutubisho ilimradi isidai kutibu ugonjwa. Korona ilipoingia, madai yalirudi. Machi 2020 mamlaka za Marekani ziliziandikia onyo kampuni saba, miongoni mwake kampuni iliyohusiana na kipindi cha mhubiri wa televisheni Jim Bakker, ambaye jimbo la Missouri pia lilimshtaki. Shauri hilo lilimalizika mwaka 2021 kwa makubaliano ya kuwarejeshea wanunuzi pesa, bila yeye kukiri kosa.

6. Fedha ikiwa mahali pake

Nisingependa mtoke hapa mkidhani ninaichukia fedha. Nina furaha kuwatajia kazi ambayo inaifanya vizuri sana, na imekwisha kufika kwetu.

Mwaka 1981 mkemia wa Guatemala Fernando Mazariegos alishiriki kubuni chujio la maji la mfinyanzi. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga, ukafinyangwa kuwa chungu na kuchomwa. Vumbi huungua na kuacha vitundu vidogo mno, maji yakapenya na bakteria wengi wakabaki nyuma. Chungu kisha hupakwa fedha ya koloidi ndani na nje, ili vijidudu visiote kwenye kuta zake. Chungu kimoja huchuja lita moja hadi tatu kwa saa. Shirika la wafinyanzi la Potters for Peace lilisambaza ufundi huu kuanzia Nicaragua, na tangu hapo viwanda vidogo vya aina hiyo vimefanya kazi katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Warusi nao huhifadhi maji ya wanaanga wao kwa ioni za fedha katika Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kwenye chungu, fedha imebandikwa ukutani mwa chombo, bakteria ndiye anayeijia, na kiasi kinachotoroka kuingia kwenye maji ya kunywa ni kidogo na kinapimika. Ni ukali ule ule wa glasi ya betri tatu, umewekwa mahali ambapo hakuna kloridi ya tumbo wala protini za damu za kuuzima.

Hata hapo tahadhari inahitajika. Bakteria nao hujifunza. Katikati ya miaka ya 1970 hospitali moja kubwa ya Boston iliripoti mlipuko wa salmonela katika wodi ya walioungua, salmonela ambayo haikudhurika na nitrati ya fedha wala na baadhi ya antibiotiki. Jeni za ustahimilivu huo zilikuja kutambuliwa baadaye. Tukiimwaga fedha kila mahali, puani, kwenye soksi, kwenye glasi ya asubuhi, tutawafundisha bakteria kuizoea, na siku mgonjwa aliyeungua atakapoihitaji kwenye krimu yake haitamfaa.

7. Hitimisho

Kwa walimu wa sayansi nina ombi. Leteni betri tatu darasani. Pimeni uzito wa anodi kabla na baada, mlinganishe na hesabu ya Faraday, na mwaulize wanafunzi fedha iliyokosekana imekwenda wapi. Zimeni taa mpitishe mwanga. Kisha dondosheni maji ya chumvi ndani ya glasi, mwaache watazame wingu jeupe likitokea, na mwaambie kwamba tumboni mwao kuna kloridi zaidi ya hiyo. Sijui somo jingine la gharama ndogo kama hilo linalofundisha umeme, kemia na afya kwa kipindi kimoja. Mabaki msiyamwage mtoni wala kwenye bwawa la samaki, kwa kuwa ioni za fedha ni sumu kali kwao.

Kwa wauguzi na wafamasia: mnapouliza mgonjwa anatumia dawa gani, ulizeni pia anakunywa nini cha kujitengenezea, na ulizeni bila kukunja uso. Mgonjwa aliyeaibishwa huficha.

Kwa wazazi na kwa yeyote aliye na glasi hiyo nyumbani: kama lengo lako ni maji salama, chemsha, tia klorini ya kipimo, au tafuta chujio la udongo. Kama una kidonda cha moto, nenda ukapakwe krimu iliyopimwa. Kama una homa, fedha haitaifikia.

Tukifungua nafasi ya maswali, atakayeanza naomba aanze na namba: miligramu ngapi, katika lita ngapi, kwa mtu wa kilo ngapi. Asiyeweza kujibu hilo juu ya kitu anachokimeza, bado hajapata dawa.